Umetoka gerezani, simu bado si yako peke yako: namna ya kuishi na masharti ya uangalizi katika kesi za kompyuta Marekani

Siku mtu anapotoka gereza la shirikisho huko Marekani, nyumbani hupikwa pilau, simu zinalia kutoka Dodoma na Mombasa, na binamu mmoja mwenye moyo mzuri anafika na zawadi: simu mpya, bado imo ndani ya boksi. Kwa aliyefungwa kwa kesi ya kompyuta, boksi hilo linaweza kumrudisha ndani.

Kifungo kimekwisha, hukumu bado. Kinachofuata ni kipindi cha uangalizi baada ya kifungo, chini ya afisa wa probesheni wa mahakama, na kina masharti yake yaliyoandikwa. Katika kesi za kompyuta masharti hayo huingia hadi mfukoni: unatumia kifaa gani, unaingia wapi mtandaoni, nani anaweza kukagua picha na ujumbe wako, unaajiriwa kazi gani.

Nimekaa na familia kadhaa za Waswahili zilizopitia haya, tukizisoma karatasi za mahakama mstari kwa mstari mezani. Nikiambiwa nitoe neno moja tu, ni hili: masharti mabaya yapo, na yanaondolewa, lakini mwenye mkono wa kuyaondoa ni jaji. Ukiyaondoa mwenyewe kwa kuyapuuza, kwa kawaida mahakama haitataka kusikia kwamba hayakuwa halali. Itauliza tu kama uliyavunja.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili. Unakusaidia kujua la kumuuliza.

Ujue kwanza uko kwenye mfumo gani

Tazama juu ya karatasi ya hukumu. Ikiwa imeandikwa kwamba kesi ni ya Marekani dhidi yako, uko mahakama ya shirikisho na maelezo haya yanakuhusu. Ikiwa ni jina la jimbo, kama Ohio au Texas, sheria ni nyingine, tafuta wakili wa huko.

Watu wetu wengi huita kipindi hiki parole. Si parole. Bunge la Marekani lilifuta parole ya shirikisho kwa Sheria ya Mageuzi ya Adhabu ya mwaka 1984, na mfumo mpya ukaanza tarehe 1 Novemba 1987. Parole ilikata kipande cha kifungo ukakimalizia nje. Uangalizi wa sasa unaongezwa juu ya kifungo: unatumikia miezi yako, ukipunguziwa zile siku za tabia njema, kisha saa ya uangalizi inaanza kuhesabu upya.

Muda wake unategemea daraja la kosa. Udanganyifu wa kutumia njia za mawasiliano, ambao ndio huwakamata vijana wengi wa barua pepe na kadi za benki, una kifungo cha juu cha miaka 20, kwa hiyo uangalizi wake haupiti miaka 3. Ikiwa benki iliguswa, kifungo cha juu kinapanda hadi miaka 30 na uangalizi hadi 5. Kosa zito la kuiba utambulisho wa mtu hubeba miaka 2 ya lazima gerezani lakini uangalizi usiozidi mwaka 1. Makosa ya picha za unyanyasaji wa watoto yako peke yake: kuanzia miaka 5 hadi maisha yote. Hapo masharti huwa mazito zaidi kuliko kwingine, na mahakama huyatetea zaidi.

Pigania masharti kabla hayajaandikwa

Hapa ndipo watu wanapopoteza. Macho yote yako kwenye idadi ya miezi ya kifungo, na hakuna anayeuliza habari ya baada ya hapo. Wakati huohuo afisa wa probesheni anaandika ripoti ya kabla ya hukumu, na mara nyingi ni humo ndimo masharti yanapopendekezwa.

Sheria inataka ripoti hiyo ikufikie angalau siku 35 kabla ya siku ya hukumu. Ukishaipata una siku 14 za kuandika pingamizi. Mwambie wakili wako akusomee kipande cha masharti, na kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, dai mkalimani wa Kiswahili. Tangu sheria ya mwaka 1978, mahakama za shirikisho zinawajibika kumpa mkalimani mshtakiwa asiyeelewa vizuri Kiingereza, na serikali ndiyo inayolipa. Tafadhali usimtumie mtoto wako wa darasa la saba kwa kazi hiyo. Anajua Kiingereza cha shuleni, hajui cha hukumu.

Kipimo cha sharti maalumu kimo ndani ya sheria yenyewe, na kinaeleweka bila shahada. Sharti lazima lihusiane na kosa lako au historia yako, au na haja ya kulinda watu, kuzuia kosa lisirudiwe, au kukupa mafunzo na matibabu. Lisikunyang'anye uhuru zaidi ya unaohitajika kwa malengo hayo. Na lilingane na maelekezo ya Tume ya Adhabu ya Marekani. Chukua kalamu, pitia kila sharti linalopendekezwa, uliza: hili linahusiana na nini nilichofanya? Je, kuna dogo kuliko hili lingetosha?

Mifano ya kumwonyesha wakili haikosekani. Mahakama za rufaa za shirikisho zimegawanywa kwa mizunguko, kila mmoja na majimbo yake. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, inayokaa New York, ilifuta katazo la kompyuta na intaneti kwa mtu aliyeiba fedha za benki, katika kesi ya Peterson. Majaji walisema mtu anaweza kufanya udanganyifu kwa simu, lakini hiyo haiwi sababu ya kumkataza simu zote. Mwaka huohuo Mzunguko wa Tano, unaoshika Texas, Louisiana na Mississippi, uliidhinisha katazo kamili katika kesi ya Paul, iliyohusu picha za watoto. Kwa hiyo ukiwa Houston na nduguyo yuko Brooklyn, msipeane ushauri kwa simu mkidhani sheria ni moja. Nchi ni moja, lakini mizunguko ya rufaa ni mingi.

Halafu ikaja kesi ya Packingham mwaka 2017. North Carolina ilikuwa na sheria iliyowakataza watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono kuingia mitandao ya kijamii ambayo watoto nao wanaweza kuitumia. Bwana Packingham alikuwa amekwisha kumaliza adhabu yake. Mwaka 2010 alifutiwa kosa la barabarani, akafurahi, akaandika Facebook kumshukuru Mungu, na kwa hilo akashtakiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria hiyo bila jaji hata mmoja kuunga mkono upande wa jimbo. Jaji Kennedy aliulinganisha mtandao na uwanja wa umma wa zama hizi, mahali ambapo mtu anasoma habari, anatafuta kazi, anasema na viongozi wake.

Usishangilie mapema, lakini. Packingham alikuwa mtu huru, wewe bado unatumikia sehemu ya hukumu, na mizunguko kadhaa imesema tofauti hiyo ni kubwa. Mingine imeitumia kesi hiyo kuwasaidia walio chini ya uangalizi: Mzunguko wa Tatu mwaka 2018 katika kesi ya Holena, na wa Pili mwaka 2019 katika kesi ya Eaglin, ilikataa makatazo ya jumla ya intaneti. Hoja ipo. Nguvu yake inategemea unaishi wapi na ulifanya nini.

Muhimu kuliko vyote: pingamizi lisemwe kwa sauti mahakamani siku ya hukumu. Usiposema, mahakama ya rufaa itakupima kwa kipimo kigumu sana, cha kosa lililo wazi kabisa. Na notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14 tangu hukumu kuingizwa kwenye kumbukumbu. Siku 14, pamoja na Jumamosi na Jumapili.

Soma hukumu yenyewe

Ukishatoka, tafuta nakala ya hukumu. Si ile habari uliyoambiwa na mwenzako wa selo, si alichokumbuka mkeo. Humo utakuta masharti ya aina tatu. Yako ya lazima, kama kutotenda kosa jingine. Yako ya kawaida, wanayopewa karibu wote: kuripoti ofisi ya probesheni ndani ya saa 72 tangu kuachiwa, kutotoka nje ya wilaya ya mahakama bila ruhusa, kujibu maswali ya afisa kwa ukweli, kutoa taarifa siku 10 kabla ya kuhama nyumba, kufanya kazi au kuitafuta. Na yako masharti maalumu, na ndiyo yanayobeba kompyuta.

Linganisha maandishi na alichotamka jaji. Jaji akisema moja kwa mdomo na karatasi ikaandika jingine kinyume chake, mahakama kwa kawaida hufuata mdomo. Wakili anaweza kuomba nakala ya maneno ya siku hiyo.

Kisha tafuta neno lenyewe, kompyuta. Hukumu nyingi hutumia maana iliyomo kwenye sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 1986, na maana hiyo ni pana kama kanga ya kufungia mzigo: kifaa chochote cha kielektroniki kinachochakata data kwa kasi. Kikokotoo cha mkononi kimetajwa kuwa nje. Simu haikutajwa. Mwaka 2011 Mzunguko wa Nane, katika kesi ya Kramer, ulisema hata simu ya kawaida ya kupiga na kutuma ujumbe inaingia humo.

Kwa hiyo tembea ndani ya nyumba na daftari. Simu ya mke, televisheni iliyounganishwa na intaneti, gemu la watoto, tableti iliyotolewa na shule, saa ya mkononi, kamera ya mlangoni, ile kompyuta mbovu ya kaka iliyoko chini ya kitanda. Andika vyote. Baadhi afisa atavicheka na kuvipita. Afadhali akicheke ulichomtajia kuliko akigundue usichomtajia.

Kikao cha kwanza na afisa

Nenda na orodha ya vifaa, orodha ya akaunti zako zote za mtandao, na orodha ya maswali. Sharti la kuwekewa programu ya ufuatiliaji likiwepo, afisa ataiweka kwenye kifaa kilichoidhinishwa, na huenda ukatakiwa kulipia gharama yake. Huna uwezo? Sema, tena kwa maandishi. Uliza programu inarekodi nini hasa, na kama kuna simu ambazo haikubali kuwekwa, ili usinunue simu ya dola mia nne halafu ukaambiwa irudishe dukani. Binamu na boksi lake wangojee jibu la swali hili.

Kuna jambo la WhatsApp ambalo Waswahili hawalikwepi. Mtu wetu ana grupu la ukoo, la kijiji, la msikiti au kwaya, na la waliomaliza wote shule mwaka fulani. Ukikatazwa mitandao ya kijamii, je, WhatsApp ni mtandao wa kijamii au ni simu? Na ukikatazwa programu za kuficha mawasiliano, WhatsApp si inafunga ujumbe ili asiusome mwingine? Usijijibu mwenyewe. Muulize afisa kwa barua pepe, kama unayo iliyoidhinishwa, au kwa barua ya karatasi, na tunza jibu lake. "Aliniambia ni sawa" haina uzito kama karatasi yenye jina na tarehe, hasa afisa huyo akihamishwa, na huhamishwa.

Fedha sasa. Kesi ya udanganyifu huja na fidia kwa walioibiwa, na pamoja na fidia huja masharti ya kumpa afisa taarifa zako zote za fedha na kutofungua mkopo mpya bila idhini. Hapo desturi zetu nzuri zinageuka mtego. Kuna msiba Tabora, watu wa Minneapolis wanachanga, na kwa kuwa wewe huwa mwaminifu wanataka hela zipitie akaunti yako ndipo zitumwe M-Pesa. Kwenye taarifa ya benki itaonekana hivi: mtu aliyehukumiwa kwa udanganyifu wa mtandao amepokea malipo 40 madogomadogo kutoka kwa watu 40, akayatuma yote nje ya nchi siku ileile. Ukweli wako ni msiba. Picha yake ni uhalifu uleule. Mwambie mama mdogo, "Mama mdogo, mchango wangu nitatoa, ila kushika hela za watu siwezi mpaka nimalize karatasi zangu." Ataelewa, na asipoelewa atanuna wiki moja.

Mchezo wa kupeana hela, upatu au chama kwa majina mengine, nao unahitaji mazungumzo. Zamu yako ikifika unapokea maelfu ya dola kwa siku moja. Mweleze afisa kabla ya kuingia, au kaa nje.

Kazi: karibu kila ajira siku hizi inataka ujaze fomu mtandaoni, utie saini ya zamu kwenye simu, uendeshe gari kwa ramani. Sharti likisema hakuna kompyuta bila ruhusa, omba ruhusa ya kazi hiyo hiyo kwa jina lake na kazi zake. Ombi finyu hupita mahali ambapo ombi la jumla linakwama.

Kevin Mitnick, mdukuzi maarufu wa kompyuta wa Marekani, ni mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa ya ajabu. Alitoka gerezani tarehe 21 Januari 2000 akiwa na miaka 3 ya uangalizi, amekatazwa kompyuta, simu za mkononi na karibu kila kinachounganishwa, isipokuwa afisa aidhinishe. Mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa mbele ya kamati ya Seneti, Washington, akiwafundisha maseneta namna ya kulinda kompyuta za serikali. Mtu asiyeruhusiwa kugusa kibodi anafundisha serikali juu ya kibodi!  Aliomba ruhusa pale alipohitaji.

Simu ikikaguliwa

Kwa raia wa kawaida, polisi wanahitaji hati ya jaji kupekua simu hata baada ya kumkamata. Mahakama ya Juu ilisema hivyo katika kesi ya Riley, mwaka 2014. Wewe uliye chini ya uangalizi huna ulinzi wote huo. Katika kesi ya Knights ya mwaka 2001, mahakama hiyohiyo iliruhusu upekuzi bila hati kwa mtu wa probesheni aliyekuwa na sharti la upekuzi, ikiwa kuna shaka yenye msingi. Sharti lako linaweza kuhitaji shaka, na linaweza kwenda mbali zaidi. Ndiyo maana ulisome kabla afisa hajabisha hodi.

Akibisha, fungua. Usizuie mlango, usirushe simu chooni, usifute kitu. Kufuta data ili kukwamisha uchunguzi wa shirikisho ni kosa jipya lenye kifungo chake, mara nyingine kizito kuliko ulichokuwa unakificha. Ukiona upekuzi umevuka sharti, kwa mfano anafungua simu ya shemeji yako aliyekuja kukutembelea, sema kwa upole kwamba hukubali hilo, kisha kaa kimya na uandike alichochukua, saa ngapi, na nani alikuwepo. Mabishano ni ya wakili, baadaye, mbele ya jaji.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Sharti la ufuatiliaji kwa kawaida linakutaka uwaonye wote wanaotumia kifaa hicho kwamba kinaweza kukaguliwa. Kwa hiyo ni afadhali kila mtu awe na chake, chenye neno la siri ambalo wewe hulijui. Kompyuta ya shule ya mtoto isiwe mahali pa wewe kuangalia matokeo ya mpira, hata kama ni Simba na Yanga.

Swali gumu: afisa akikuuliza jambo ambalo jibu lake ni kosa jipya? Unatakiwa kujibu kwa ukweli, na uongo wenyewe ni uvunjaji. Lakini haki ya kutojishtaki haijafa. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 1984, katika kesi ya Minnesota dhidi ya Murphy, kwamba mtu wa probesheni lazima aidai haki hiyo mwenyewe, haimjii yenyewe. Kwa lugha ya sebuleni: usidanganye, usimwage maneno, sema unataka kuongea na wakili kabla ya kujibu swali hilo. Mambo ya kutoa neno la siri la simu yana ubishi wake kisheria, yamuulize wakili mapema, usingoje siku ya tukio.

Kuomba sharti libadilishwe

Jaji anaweza kubadili, kupunguza au kuongeza masharti wakati wowote wa uangalizi. Unaanza kwa afisa, maana akikubaliana nawe kazi imekuwa nusu. Halafu wakili anaandika ombi. Onyesha miezi uliyokaa bila tatizo, risiti za fidia, barua ya mwajiri, na sharti dogo unalopendekeza badala ya kubwa. Jaji aliyeweka katazo kamili kwa hofu anapenda kuona njia ya katikati: kifaa kimoja, chenye programu, kwa kazi na kwa kuongea na familia.

Baada ya kutimiza mwaka mmoja unaweza hata kuomba uangalizi wote ufutwe mapema. Jaji halazimiki kukubali, ila asiyeomba hapati.

Onyo moja. Kuna fomu ya kukubali mabadiliko bila kusikilizwa mahakamani. Afisa anaileta akisema ni jambo dogo, saini hapa. Kwa kutia saini unaachilia haki yako ya kusikilizwa na ya kuwa na wakili kwenye kikao hicho, na sharti jipya linaweza kuwa zito kuliko la zamani. Jibu lake ni fupi: "Nitaisoma na wakili wangu, nitakurudishia." Kuomba kuisoma si ukaidi. Kama huna fedha za wakili, mahakama inakuteulia, kwa mabadiliko na kwa mashtaka ya uvunjaji pia.

Ukishtakiwa kuvunja masharti

Hakuna baraza la wazee wa mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua kesi. Jaji peke yake anaamua, na si lazima ithibitishwe pasipo shaka kama kwenye kesi ya kwanza. Inatosha aone kuna uwezekano zaidi kwamba umevunja kuliko kwamba hukuvunja. Hata hivyo una haki zako: kuambiwa kwa maandishi ulivyovunja, kuuona ushahidi, kuleta mashahidi, kuhoji wa upande wa serikali kwa kiasi ambacho jaji ataruhusu, na kuwa na wakili. Ukiwekwa mahabusu, kuna kikao cha awali cha kuona kama kuna msingi.

Kwa makosa mengi ya udanganyifu tuliyotaja, kurudishwa ndani ni hadi miaka 2 kwa uvunjaji, na baada ya hapo huenda ukaongezewa uangalizi mwingine. Mwaka 2025, katika kesi ya Esteras, Mahakama ya Juu ilisema jaji anapofuta uangalizi ili akurudishe ndani asipime haja ya kukulipiza kwa kosa lako la awali, kwa sababu hilo ulishalilipia. Mwaka 2019, katika kesi ya Haymond, ilibatilisha kifungu kilichomlazimisha jaji kutoa angalau miaka 5 kwa aina fulani za uvunjaji bila baraza la wazee wa mahakama kuthibitisha. Kumbusha wakili zote mbili.

Kama si raia

Sehemu hii huvunja nyumba, na ni mara chache inazungumzwa mapema. Kosa la udanganyifu ambalo hasara yake imepita dola 10,000 huhesabiwa na sheria ya uhamiaji kuwa kosa zito, na mwenye grini kadi anaweza kufukuzwa nchini kwa hilo. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, wakili wa jinai analazimika kukueleza hatari hiyo kabla hujakiri kosa. Akisema "mambo ya uhamiaji siyajui", mwombe amshirikishe anayeyajua. Kiasi cha hasara kinachoandikwa kwenye makubaliano ya kukiri ni namba ya kupiganiwa senti kwa senti.

Uraia hauwezi kukubaliwa ukiwa bado chini ya uangalizi. Kusafiri nako: mzazi amefariki Kigoma, unataka kuzika. Unahitaji ruhusa ya afisa au jaji kutoka nje ya nchi, na hata ukiipata, mwenye grini kadi aliyehukumiwa anaweza kuzuiwa mpakani wakati wa kurudi. Ruhusa ya kutoka si ruhusa ya kuingia. Wapo waliotoka kwa baraka za afisa wakakwama uwanja wa ndege waliporudi. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi, hata kama ndugu wanakwambia mwili utazikwa kesho.

Na kura

Raia aliye chini ya uangalizi hutegemea jimbo lake. Ohio unaweza kupiga kura ukishatoka gerezani. Minnesota pia, tangu katikati ya mwaka 2023. Texas unasubiri mpaka umalize kila kitu, uangalizi ukiwemo. Asiye raia asijiandikishe hata akibembelezwa na kijana mwenye fomu nje ya duka.

Siku ya mwisho

Uangalizi ukimalizika, omba barua ya kuthibitisha na uiweke pamoja na hukumu. Mpigie afisa akutolee programu kwenye kifaa na akurudishie vilivyochukuliwa, ukitia alama kwenye ile orodha uliyoanza nayo. Usiitoe mwenyewe, hata ikiwa saa sita ya usiku imeshapita na kalenda inasema umemaliza: thibitisha tarehe kwanza, kwa sababu ukiwa umekaa mahabusu ndani ya kipindi hicho hesabu inaweza kuwa imesogea. Mitnick alingoja hadi Januari 2003, ndipo akakaa mbele ya kompyuta kwenye kipindi cha televisheni na kuingia tena mtandaoni.